Coach aliponikataza kutoa pole: season yangu moja ya ice hockey Brussels

Wakuu, habari za mihangaiko.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo nimejikaza na mimi nichangie. Najua kuna wajuba wakiona Mtanzania na barafu kwenye sentensi moja wanawahi kuandika "chai". Sawa. Ila mama yangu yumo humu jukwaani, nikiongeza chumvi atanisuta mbele yenu.

Halafu mimi ni ke, tuliweke wazi mapema.

Miaka ya tisini mzee alipata kazi ya udereva kwenye ubalozi mmoja Brussels, tukahama familia nzima. Tulipanga mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, magorofani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, Kifaransa sijui hata kuomba maji.

Mlango wa pili alikaa Tonton Faustin (tonton ni anko kwa Kifaransa), Mkongo wa Bukavu. Tulielewana naye vizuri, ingawa mama alikuwa anamcheka Kiswahili chake na yeye anamcheka mama.

Tonton alifanya kazi kwenye uwanja wa barafu. Anaendesha ile mashine kama katrekta, inakwangua barafu na kuilainisha. Aliponiambia kwamba mashine inamwaga maji ya MOTO ili kutengeneza barafu, nilimwona muongo. Nikamsumbua wiki nzima mpaka akanipeleka nikaone.

Wakuu, ni kweli. Mvuke unapanda, ukikaa kidogo pale chini panang'aa kama kioo. Mpaka leo nikieleza watu wanabisha.

Pale pale nikawaona watoto wa rika langu wanacheza hockey. Maswali yakaanza. Kwa nini hawaanguki? Wanasimamaje wakiwa spidi? Kile kidude cheusi wanachokipiga, puck, kwa nini kinatolewa kwenye friza kabla ya mechi? Tonton akanijibu kwamba ni mpira mgumu, usipogandishwa unadunda hovyo. Nilikuwa na hamu ya kujua kila kitu, yaani nilikuwa kero.

Kufupisha, Tonton aliongea na coach, Monsieur Luc, nikaazimwa viatu na helmet. Miezi ya mwanzo nilifuta uwanja kwa makalio. Ila nilikuwa sichoki, na nilipoanza kuteleza sawasawa ikaonekana nina spidi. Ligi ya watoto ilipoanza nikapewa jezi, namba kumi na saba. Msichana peke yangu kwenye team, na mweusi peke yangu kwenye ligi nzima kwa nilivyoona.

Ile jezi niliipenda jamani. Shuleni sikuwa na rafiki hata mmoja. Pale uwanjani nilikuwa na watu wanagonga fimbo zao za hockey kwenye ubao unaozunguka uwanja kunishangilia.

Sasa balaa likaja mechi ya kwanza.

Mtoto wa team pinzani akaanguka karibu yangu. Wakuu, nyie mnajua tulivyolelewa. Mtu akijikwaa tu barabarani, hata humjui, unatoa pole. Mimi nikasimama. Nikamwambia "pole", nikampa mkono, nikamnyanyua, nikamfuta barafu kwenye bega.

Nageuka, tumefungwa.

Monsieur Luc hakugomba. Alinieleza taratibu, kwa mikono, kwamba mchezo hausimami. Nikaitikia. Mechi ya pili nikarudia, na ya tatu nikarudia. Sikuwa mkaidi, mwili ulikuwa unasimama wenyewe kabla sijafikiri! Wenzangu wakaanza kununa.

Na mama naye hakusaidia. Alikuwa anakuja na thermos ya chai ya tangawizi, amejifunga kitenge juu ya koti, kila mtoto akianguka, wetu au wao, unamsikia jukwaani, "Pole baba! Pole mwanangu!" Wazazi wa kizungu wanageuka kumwangalia. Siku nikimpita aliyeanguka, nyumbani nasomewa. Ananiuliza, umemwona mwenzio yuko chini, ukapita kama hukumwona?

Basi nikawa katikati. Coach huku, mama kule.

Baadaye Monsieur Luc akamwita Tonton atafsiri. Ujumbe wake: nikisimama tena katikati ya mchezo, narudisha jezi. Tonton alipomaliza kutafsiri akaongeza la kwake:

"Bon, sikia. Humu ndani muntu akianguka unamuacha, ataamuka ye mwenyewe. Njo mchezo yenyewe." ("Njo" yake ni "ndio" yetu.)

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Mama alikuwepo, alisikia kila kitu.

Mechi zilizofuata nilijizuia. Nilikuwa nauma ile gadi ya meno mpaka taya zinauma. Mama naye akawa kimya jukwaani, na ule ukimya ulinisumbua kuliko kelele zake.

Mechi ya mwisho ya season, mbili kwa mbili, dakika ziko ukingoni kabisa. Beki wao namba nane, katoto kanene hivi, kakaja kunizuia, kakateleza, kakaanguka vibaya na mguu chini yake. Puck ikabaki kwangu. Refa hakupiga filimbi.

Nilimsikia analia. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemfikia.

Nikampita.

Nikapiga, ikaingia. Goli langu pekee season nzima. Wenzangu wakanirukia, Monsieur Luc anapiga ubao kama kichaa. Mimi nikaangalia jukwaani kumtafuta mama. Kiti kitupu, hata thermos haipo.

Wakuu, nilijua ameondoka kwa aibu. Furaha yote ikaisha pale pale.

Hockey ina desturi moja nzuri sana. Mechi ikiisha, team zote mnapanga mistari mnapeana mikono, mmoja mmoja. Nikapita mstari mzima, namba nane hayupo. Nikabaki nimesimama, machozi yananitoka, wenzangu wanadhani ni furaha.

Natoka kwenye barafu, namkuta mama kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia. Amechuchumaa. Namba nane amekaa kwenye benchi, kiatu kimoja kimevuliwa, kifundo kimevimba, ameshika kikombe cha chai yetu. Mama anamsemesha Kiswahili na mtoto anaitikia kwa kichwa.

Nikasimama mbali. Sikuwa na uso wa kusogea.

Mama akaniangalia, jezi imelowa, fimbo mkononi. Akasema:

"Mchezo wenu si umeisha? Haya, sasa njoo umpe mwenzio pole."

Nikaenda. Nikampa. Akanisogezea kikombe, tukanywa wote.

Mzee alirudishwa nyumbani mwaka ule ule, sikucheza tena. Jezi coach aliniachia, ninayo kabatini hadi leo.

Nilichojifunza? Nilidhani nimelazimishwa kuchagua kati ya coach na mama, kumbe mama alishaelewa mchezo kabla yangu. Alikuwa ananisubiri tu nimalize. Siku hizi kazini nikimshinda mtu kwenye jambo, baadaye namtafuta nikamjulie hali. Wengine wananiona mnafiki, shauri yao.

Haya, mliokulia au mnaoishi huko nje, malezi ya nyumbani yaliwaponza wapi? Na kama kuna anayejua kwa nini maji ya moto yanatoa barafu nzuri kuliko ya baridi, anielimishe, Tonton alinieleza mara tatu na sikumwelewa.