Wiki Ziwa Lilipozimwa

Nani alizima taa za ziwa? Swali hilo niliuliza nikiwa na miaka minane, nyumbani kwa nyanya huko Kisegi, na kila mtu mzima alilikwepa kwa njia yake. Nyanya alinipa kikombe cha uji. Mjomba aliniambia nisitikise meza. Basi nikajijibu mwenyewe, na jibu langu likanitosha hadi Agosti iliyopita, nilipotoka Migori kwenda kumsaidia nyanya kupaka sebule rangi. Nilishusha vitu ukutani: kalenda zilizopitwa na wakati, picha ya harusi ya mama, na fremu moja ambayo tangu utoto wangu imening'inia ikitazama ukuta.

Niliigeuza. Ilikuwa galaksi ya mjomba, doa refu la mwanga lililolala mshazari, katikati manjano kama kiini cha yai, pembeni likififia kama moshi wa jikoni.

Kama ulikulia kando ya ziwa utanielewa haraka. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa hazijali taa, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Mwezi ukiondoka, maji hujaa karabai hata ungedhani kuna mji kule. Galaksi nazo hupigwa picha wakati huohuo, mwezi usipokuwepo, na hapo ndipo taabu ya mjomba ilipoanzia. Alifundisha hisabati Migori. Kila likizo ya Desemba alikuja na darubini iliyofungwa kwenye blanketi, akaisimika nyuma ya jiko, akaweka kamera mahali pa jicho, na mota ndogo iliyotumia betri ya gari ikaizungusha polepole ifuate nyota. Alipiga picha nyingi za mahali pamoja, kisha akazirundika moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Galaksi yake ilikuwa ikishukia upande wa ziwa, kwa hiyo kila mwaka picha zilitoka zimepauka kama chai iliyozidi maziwa. Na alikuwa amemwahidi nyanya picha moja ya kutundika. Nyanya hakuacha kumkumbusha.

Nyanya mwenyewe aliishi kwa taa hizo. Aliuza omena. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku na kunguru kwenye nyavu tulizoanikia, na harufu ile ilikaa kwenye nywele zangu hadi katikati ya muhula.

Omena zake ziliteremshwa na mvuvi mmoja asiye wa pale. Alifuata samaki tu, msimu huu Kisegi, msimu ule Remba. Jioni alipita nyuma ya jiko akielekea ufuoni, karabai mkononi.

"Japuonj," alimwita mjomba, yaani mwalimu, "hiyo bunduki yako bado haijaua kitu?"

"Itaua vipi na wewe unaniwashia taa machoni?"

"Wacha wasiwasi. Siku moja nitakuzimia ziwa lote, upige hiyo picha yako, utuache na amani."

"Azime," nyanya alidakia, "halafu kesho mle ugali kwa nyota."

Mvuvi alicheka hadi karabai ikatikisika. Mimi aliniita nyathina, mwanangu, na kila jioni aliniuliza nimebakiza maswali mangapi.

Nilibakiza mengi. Mjomba aliwahi kuniambia kwamba mwanga tunaoupiga picha ulianza safari kabla hajakuwepo mtu yeyote wa kuutazama. Nikamuuliza, tutajuaje kama kitu chenyewe bado kipo? Nyanya, akichambua omena, alisema, "Kumbe unakaa nje kwenye baridi kusubiri habari iliyochelewa njiani."

Halafu Januari moja, shule zikikaribia kufunguliwa, jua lilizama na hakuna taa iliyowaka. Mwezi haukuwepo. Ziwa lilikuwa jeusi hadi upeo, na nyota zilishuka mpaka kwenye maji. Nilirukaruka uani nikipiga makofi. "Amezima! Ametimiza ahadi!"

Nyanya aliniambia nishushe sauti. Mjomba alisimama mikono mifukoni, hakulifungua blanketi.

"Si uliomba giza?" nyanya akamwambia. "Piga."

Alipiga. Nilishika tochi yenye kitambaa chekundu na kujisikia mtu muhimu. Kesho yake nilirudishwa Migori, na shuleni nikawatangazia wote kwamba rafiki yetu mvuvi alimzimia mjomba ziwa. Likizo ya Aprili niliikuta picha ukutani, imegeuzwa. Nilimuuliza nyanya mvuvi yuko wapi. "Amehamia Remba," akasema. Nilimkasirikia kwa kuondoka bila kuniaga.

Chuo kikuu nilihoji kila kitu: mahubiri, methali, wahadhiri, hata mapenzi. Siku hizi kuhoji kumenichosha. Jibu hilo moja sikulihoji kamwe, labda kwa sababu lilikuwa zuri.

Sasa ufuoni kuna mlingoti wa taa za usalama unaowaka hadi asubuhi. Karabai zimeisha, wavuvi wanatumia taa za sola, na omena zenyewe nyanya anazinunua kwa kikombe kama mtu mwingine yeyote. Darubini iko chini ya kitanda cha mjomba, kioo kimeota ukungu. Tangu Januari ile hajaitoa nje, na giza lile hata angelitaka halipo tena.

Nilimwonyesha nyanya fremu. "Yule mvuvi wa Remba aliwahi kuiona?"

Aliketi juu ya ndoo ya rangi, akaipangusa kioo kwa kanga yake, akanieleza kwa maneno machache. Kisha akasema, "Rangi ikikauka, irudishe ilivyokuwa."

Mvuvi hakufika Remba. Kwetu mashua hazitoki kuvua mpaka maji yamrudishe aliyezama, na usiku ule mjomba akipiga picha, yeye alikuwa bado humo.