Vijiti Vitatu Kando ya Umhlatuzana

Umhlatuzana ni mto mfupi. Unaanzia vilimani juu ya Durban, unateremka ukikata mabonde ya Chatsworth, kisha huko chini karibu na viwanda unatiwa kwenye mfereji wa zege na kupelekwa bandarini. Ukipanda teksi asubuhi kuufuata toka kwenye chanzo, utafika unakomwagikia kabla ya chakula cha mchana. Mama mwenye nyumba wangu ni mzaliwa wa hapa hapa, ingawa mababu zake walitoka pwani ya kwetu. Aliniambia kwamba serikali ya makaburu iliwahamishia Chatsworth bila kuwauliza, na kwamba wakati huo hakuna aliyezitaka kingo za mto. Vibanda vya kupangisha vilikuja baadaye. Mimi nilichukua kimoja kwa kuwa kilikuwa rahisi, na kazini kwangu Jacobs, kwenye kiwanda cha rangi, hakuna anayeuliza unalala wapi.

Mimi ni mtu wa Rufiji. Mto wetu ni mrefu na hauna haraka. Mvua ikinyesha bara, maji hutufikia baada ya siku kadhaa, tena hupanda kidogo kidogo, watu wakihamisha kuku na magodoro bila kukimbizana. Tulikuwa tukichomeka vijiti ukingoni na kuvitazama asubuhi na jioni. Kikizama kimoja, huhami. Vikizama viwili, unafunga mizigo. Wala mafuriko hatukuyachukia, maana yakiondoka huacha tope zuri la kupandia mahindi.

Jirani yangu wa bondeni zaidi alikuwa fundi wa kushona, mama wa Kikongo. Alikuwa na cherehani mbili, na hizo ndizo zilizomlisha yeye na mama yake aliyebaki Bukavu. Mvua ya Aprili ilipoingia siku ya pili, alinijia asubuhi kuniuliza kama azipandishe barabarani. Alikuwa amenisikia mara nyingi nikisimulia habari za Rufiji, nami kwa kujisifu sijambo.

Nilikuwa nimeshachomeka vijiti vitatu. Hakuna kilichozama.

"Ngoja mpaka kesho," nilimwambia. "Maji yana adabu, yanapiga hodi."

"Weye njo mutu ya mto," alisema, yaani ndiye mimi niujuaye. "Ntangoja."

Kabla ya adhuhuri mto ulikuwa ndani. Haukupanda, uliporomoka, mwekundu, umebeba matawi, milango na friji ya mtu. Vijiti sikuviona vikizama. Ukingo wenyewe haukuwepo. Nilimshika mkono tukapanda mlima kwa magoti. Chumba chake kilisimama kidogo, kisha kikaenda na cherehani zote mbili. Alikitazama bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na niliona aibu.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo nilikuwa nawaambia wengine.

Katika ukumbi tulikohifadhiwa, aliwaeleza watu kwamba jirani yake ndiye aliyemtoa. Nilingoja aiseme sehemu iliyobaki. Hakuisema, basi nikaisema mwenyewe, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Yeye akajibu kwamba hata yeye ana macho, angeweza kuutazama mto. Siku hizi anashonea mjini, kwa cherehani ya mtu mwingine.

Tulirudi kule kule, kwa kuwa kodi ya mahali pengine hatukuiweza. Safari hii alipanga chumba kinachopakana na changu. Jumapili moja mvua ikashika tena, si kubwa sana. Nilikuwa nimejilaza aliposimama mlangoni, furushi kichwani.

"Leo sikuulizi," alisema. "Toka, weye na godoro yako."

Tulisimama barabarani mchana kutwa, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mimi na godoro langu kichwani. Maji hayakufika hata uani. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba hayatafika, lakini godoro sikulitua. Alipoona inatosha akasema turudi, tukarudi.