Mwalimu wa sinema kambini Kibati

Huyo mwalimu wa sinema alikimbia vita bila hata sufuria, lakini domo lake alikuja nalo zima. Kila asubuhi aliwafundisha wakimbizi wenzake, wala televisheni hakuna: alifanya mraba kwa vidole, akachungulia, akasema, "Picha haina huruma. Uliza kwanza ni nani anayekuangalia, na anataka nini."

Mama Bénédicte alimjibu, "Muzee, mimi mvua ndiyo inaniangalia, kupitia paa."

Siku moja wapiga picha wakaja na maturubai, wakasema atakayelia vizuri ndiye atakayepewa. Mwalimu akawafokea kwa Kifaransa mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaona Mama Bénédicte hana hata chozi, na maturubai yamebaki mawili. Akamwinamia sikioni: "Mama, tazama jua, usipepese."