Mfungo wa Augustin

Augustin hakuwahi kusema neno hata moja tangu azaliwe Kpandroma, lakini kula alijua kula. Vita vilipowafukuza, mdogo wake Alphonsine alimshika mkono mpaka Bunia, akamtafutia kitanda katika nyumba ya kulelea wasiojiweza, huko Shari. Wote walimpenda. Alifagia ua, alibeba maji, na sahani yake ya bugali aliirudisha imetakata.

Halafu siku moja aliitupa sahani ukutani. Kesho yake akamwuma mpishi mkono.

Ephraïm, mkuu wa nyumba, hakuita muganga wa hospitali. Aliita watu wa maombi. Wakasema ameingiwa na pepo anayechukia chakula, basi afunge. Wakampa maji matupu, na kweli, Augustin akatulia. Wakaimba na kupiga ngoma. Waliporudisha bugali, akapiga watu tena. Wakamfungisha upya, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Alphonsine alipokuja alimkuta amekonda, shavu amelibandika kwenye ndoo ya maji baridi.

"Pepo iko karibu kutoka, mama," Ephraïm akamwambia. "Isipotoka, utamubeba. Hapa hatuwezi kulala na mutu ya kuuma."

"Nitamubeba wapi? Kwetu walichoma." Alphonsine akapiga magoti. "Yaya, kaka yangu, fungula kinywa."

Augustin akasita, kisha akafungua. Ufizi ulikuwa umevimba, unatoka usaha, na jino la nyuma limeoza lote.

"Papa Ephraïm, kuya uone. Mulimuwekea mikono kwa kichwa, mukamuwekea kwa tumbo. Kwa kinywa hakuna mutu aliangalia?"

"Hakusema kama anaumwa."

"Atasema na nini? Alitupa sahani, ndiyo kusema yake. Kwetu ngombe ikikatala majani, tunaangalia kinywa kwanza. Mutu, munamuletea ngoma."



Jino liling'olewa siku hiyohiyo. Jumapili watu wa maombi wakarudi kumshukuru Mungu kwamba pepo ametoka. Alphonsine hakuimba nao. Alipita katikati yao, akafungua fundo la kitenge chake, akaliweka jino mezani mbele ya Ephraïm.

"Pepo yenu ni hii," akasema. "Muiimbie."

Wimbo ukakatika. Habari ya kumwondoa Augustin hakuna aliyeitaja tena. Yeye alikuwa jikoni, sahani tupu mkononi, anamnyoshea mpishi amwongeze.