Nilivyomwandaa Duchess kwa course ya dressage, na salamu za Magwagwa zilivyotaka kunirudisha nyumbani

Wakuu, habari za huko mliko. Wa bara, wa pwani, na nyinyi mnaosoma bila kuandika kitu, nawaona.

Juzi mtu ameandika humu kwamba mambo ya farasi wa kufundishwa ni ya vijana wa Nairobi wa siku hizi, na kwamba wazee wetu walijua ng'ombe na jembe tu. Nikasoma, nikacheka peke yangu.

Ninachoandika hapa nilikifanya mimi mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu Magwagwa, milima ya Kisii. Katika umri wangu sina cha kupata kwa kudanganya. Mwenye shaka aende akaulize, wapo bado wanaokumbuka.

Kwanza mjue mnaongea na nani.

Mimi nilitoka nyumba ya nyasi, mama mjane, chai kidogo na ndizi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisoma kwa bidii yangu, nikapata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea ufugaji, na nikarudi na diploma. Iko ukutani hadi leo, kioo chake kinafutwa kila Ijumaa. Chuoni kulikuwa na farasi, na wakati wenzangu walikuwa wakishinda mjini siku za mapumziko, mimi nilikuwa juu ya tandiko. Ndiyo maana nilirudi na vitu viwili: diploma, na makalio yanayojua kukaa.

Kwa wasiojua, dressage si mashindano ya mbio. Ni mafunzo ya zamani ya Ulaya. Farasi anafundishwa kwenda, kugeuka, kusimama na kurudi nyuma kwa ishara ndogo sana, kiasi kwamba anayetazama haoni umemwambia nini. Ni kazi ya miaka. Mtu mwenye haraka hawezi.

Sasa Duchess.

Niliporudi nilipata kazi ya umeneja kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Sotik. Alipoamua kurudi kwao, aliniachia farasi wake jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Watu wa kwetu walimwita Dachesi. Wengine walimwita punda wa Mzungu, lakini si mbele yangu.

Shamba lilipopata mwenyewe mwingine, umeneja wangu ukaisha. Nikarudi nyumbani na farasi.

Hapo ndipo nikasikia habari za course. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiaustria, mzee, aliyekuwa na shamba ng'ambo ya Molo. Alikuwa akichukua watu wachache, kila mtu na farasi wake, mnakaa kwake, mnalala kwake, mnafundishwa asubuhi na jioni. Nilimwandikia kwa Kijerumani. Akajibu kwamba nije, lakini nijue jambo moja: asubuhi ya kwanza anapima kila farasi, na asiyekuwa tayari anarudi kwao siku hiyo hiyo.

Zaidi ya hapo, alikuwa akitafuta mtu wa kubaki pale kama mwalimu msaidizi. Nikaambiwa atamchagua kati ya watakaomaliza.

Sikuwa na kazi nyingine. Kijiji kizima kilikuwa kimeshajua nasafiri, kwa sababu nilikuwa nimewaambia. Kurudi siku hiyo hiyo na farasi nyuma ya lorry, hilo sikutaka hata kuliwaza.

Nikaanza matayarisho, na nasema bila aibu kwamba niliyafanya vizuri kuliko Wazungu wengi.

Kwato nilizipiga tupa mwenyewe, maana Kisii nzima hapakuwa na fundi wa kwato. Kupe nilizitoa kwa mkono na dawa ya kupulizia. Niliwahi kumpeleka kwenye josho la ng'ombe, akaangalia yale maji, akaniangalia mimi, tukarudi nyumbani. Jioni nilimwingiza bandani kabla visubi havijatoka, kwa sababu wale ndio wanaoleta ugonjwa unaoua farasi. Nilikausha nyasi za kutosha kubeba hadi Molo, ili tumbo lake lisibadilishiwe chakula ghafla.

Milima yetu ilimjenga. Kupanda na kushuka kila siku kulimpa mgongo na mapaja ambayo farasi wa tambarare hana.

Shida ilikuwa mahali pa tambarare. Mnaojua kwetu mnaelewa, hata jiko la mama lilikuwa limeinama. Mahali pekee palikuwa uwanja wa soko, siku ambazo si za soko. Nikapima pale umbo la uwanja wa dressage, nikasimamisha vipande vya migomba kwenye kona. Ndama wakavila. Nikaweka mawe yaliyopakwa chokaa.

Jumamosi hatukufanya kazi. Mama yangu alikuwa Msabato na alisema mnyama anayelala kwenye boma lake atapumzika kama wengine.

Kwenye uwanja, Duchess alikwenda laini kama maji. Duara kushoto, duara kulia, mchakamchaka wa polepole, kusimama. Hasa kusimama! Miguu minne kama ya meza, sikio halitikisiki.

Nikadhani ni ufundi wangu.

Ulikuwa wangu kwa kiasi. Kingine mtakiona.

Kutoka nyumbani hadi sokoni ni njia ya watu. Na kwetu, hasa siku zile, hupiti mtu kama unapita mti. Mnasalimiana, mnaulizana nyumba zote mbili zimeamkaje, ndipo unaendelea. Siku za kwanza nilisalimu nikiwa juu ya farasi. Baba mdogo wangu, Mzee Ombati, mtu wa maneno makali na kofia ya manyoya, akanikomesha mbele ya watu.

"Wewe! Unanisalimu kutoka huko juu kama D.C. wa mkoloni?"

"Baba mdogo, niko kazini."

"Hata mimi niko kazini, natoka kukama. Shuka."

Nikashuka. Tangu hapo nikawa nashuka kwa kila mtu mzima. Ninatoa heshima, napanda tena, naenda hatua chache, nakutana na mwingine, nashuka.

Farasi husoma haraka kuliko sisi. Duchess alishajua kwamba mtu aliyesimama maana yake ni kusimama, na kutulia mpaka mazungumzo yaishe.

Hili nililigundua safari ikiwa imekaribia. Nilitaka azoee watazamaji, nikawaalika majirani wasimame kuzunguka uwanja. Walikuja wengi, na viti vyao. Nikaanza mchakamchaka. Mbele ya mtu wa kwanza, Duchess akasimama. Nikambana kwa miguu, akaenda, akasimama mbele ya wa pili. Akasimama kwa wa tatu. Tulizunguka uwanja wote hivyo, kama mchungaji anayetoa mkono mlangoni baada ya ibada.

"Anatuhesabu?" mama mmoja muuza mboga akauliza.

"Anasalimia," Mzee Ombati akajibu. "Ana adabu kuliko mwenyewe."

Walicheka sana. Mimi sikucheka. Kule Molo kungekuwa na watu kuzunguka uwanja, na farasi anayesimama bila kuambiwa si farasi aliyefundishwa.

Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa chuo angefanya: niliondoa chanzo. Niliomba watu wasinisalimu nikiwa juu ya farasi. Mzee wa kanisa akakubali kutangaza. Akasimama mbele akasema, "Ndugu zangu, mkikutana na mtoto wa mama huyu akiwa juu ya yule mnyama, msimsalimu. Amesema salamu zinaharibu masomo."

Maneno hayo sikumpa mimi. Ni yake.

Mama alinisubiri nyumbani.

"Kwa hiyo umesoma hadi salamu zimekuwa uchafu?"

"Mama, ni kwa muda tu, mpaka niondoke."

"Baba yako amezikwa na watu hawa hawa. Nani walikuja? Farasi?"

Nikaenda kumpiga Duchess brashi.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Watu walitii. Wengine waliingia kwenye migomba nikipita, wengine walisimama kando wakaangalia pembeni. Na Duchess alisimama vile vile, mbele ya kila mmoja, akingoja. Mtu kimya, mimi kimya, farasi kimya. Siku moja tulikaa hivyo mbele ya Mzee Ombati, yeye ameangalia mlima, mimi nimeangalia masikio ya farasi, mpaka akatema mate chini akaondoka.

Kwa mama majirani hawakuja tena kuomba moto wala chumvi. Hilo liliniuma kidogo.

Hapa naomba mniruhusu nijisifu, kwa sababu suluhisho lilitoka kichwani mwangu.

Nilikuwa nakata nyasi, nikamwona jirani akimsindikiza mgeni wake hadi barabarani. Wanatembea pamoja, wanaongea, hakuna anayesimama. Nikatupa mundu. Kwetu kumsindikiza mtu ni heshima kubwa kuliko kumsalimu njiani, na tena hufanywa kwa miguu inayotembea.

Nikaenda kwa Mzee Ombati bila farasi. Nikasimama mlangoni, nikamsalimu.

"Bwakire, baba mdogo."

Akamalizia uji wake.

"Leo salamu imeruhusiwa?"

"Nimekuja kuomba jambo. Nasafiri kwenda mbali kutafuta kazi. Sitaki nitoke kama mwizi. Naomba unisindikize."

"Siku ya kusafiri?"

"Kuanzia kesho. Kila asubuhi, hadi sokoni."

"Na wewe uko juu, mimi chini?"

"Nitakusalimu chini, hapa kwako. Kisha nitapanda, na wewe utatembea begani mwa farasi. Tutaongea njiani."

"Mimi ndiye nitaongea," akasema. Akaenda kutafuta fimbo yake.

Asubuhi ya kwanza Duchess alisimama kwa kila mtu kama kawaida. Lakini Mzee Ombati hakusimama. Aliendelea kutembea akiongea, na aliyekutana naye ilibidi ageuke, atembee naye ili amjibu. Duchess akaona watu wanakwenda, akaenda. Baada ya siku chache msafara ulikuwa mkubwa. Wauza mboga, watu wa kwaya, mtu na mbuzi wake. Sokoni walizunguka uwanja wakiongea kwa sauti, wanainua mikono, wanaitana, na Duchess akapita katikati yao kwa mchakamchaka uliolala vizuri, akasimama pale tu mimi niliposhusha pumzi na kukaa mzito.

Mama akaanza tena kuombwa chumvi.

Siku ya safari walinisindikiza hadi lorry ilipokuwa. Mzee Ombati aliniombea kwa Ekegusii, lugha yetu, sala ndefu, farasi akiwa ametulia katikati. Kisha akaniambia sikioni, "Usiturudie jioni."

Sasa Molo.

Asubuhi ya kupimwa palikuwa na baridi. Wengine wote walikuwa Wazungu, na farasi wao walikuwa na blanketi. Mmoja aliuliza kama mimi ndiye mchungaji wa yule mwekundu. Nikamwambia mimi ndiye mwenyewe, na nikamwambia kwa Kijerumani. Akageuka kushughulika na blanketi la farasi wake.

Yule mama wa Kiaustria alikaa kwenye kiti upande mmoja wa uwanja, fimbo magotini. Watu walisimama kuzunguka, wanaongea, mmoja akapunga mkono kwa rafiki yake. Duchess akapita. Mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akapita.

Mwisho wa kipimo ni kwenda moja kwa moja hadi mbele ya mpimaji, kusimama, kuvua kofia, kuinamisha kichwa. Basi. Unaondoka.

Nikaenda. Nikashusha pumzi. Duchess akasimama, meza kabisa. Yule mama mzee akainuka kutoka kitini ili aone miguu vizuri.

Nikashuka.

Sikuwaza. Mtu mzima ameinuka mbele yangu, miguu yangu ikaenda chini yenyewe. Nikajikuta nimesimama kwenye mchanga, kofia mkononi. Uwanja ulicheka wote.

"Nani amekuambia ushuke?" akauliza.

Nikamjibu kwa lugha yake, "Mama, wewe ni mkubwa kwangu. Kwetu siwezi kukusalimu nikiwa juu."

Aliwatazama waliokuwa wakicheka, wakanyamaza. Kisha akaitazama miguu ya Duchess, ambayo wakati wote huo haikuwa imesogea hata kidogo. Mimi nimeshuka, hatamu zimelegea, watu wamepiga kelele, naye amesimama tu anangoja mazungumzo yaishe.

"Panda," akasema. "Hapa utanisalimu kutoka juu. Jioni utanisalimu unavyotaka."

Nikapanda. Nikavua kofia tena, kwa shida, shingo ikikataa. Wawili walirudishwa makwao siku hiyo. Mimi nilibaki, nikamaliza course, na ile kazi ya mwalimu msaidizi nilipewa mimi. Niliifanya miaka mingi. Cheti chake kiko ukutani karibu na diploma.

Nilipokwenda nyumbani kwa likizo ya kwanza, lorry ilitushusha Sotik, nikampanda Duchess hadi kwetu. Mzee Ombati alikuwa kando ya njia, kofia ile ile.

"Walikuchukua?"

"Walinichukua, baba mdogo."

"Vizuri. Sasa shuka utusalimie."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: ukimwandaa mnyama kwa safari, mwandae pamoja na watu unaoishi nao, usiwafukuze njiani. Mafunzo ya Ujerumani yalinipa mikono na kukaa juu ya tandiko. Njia ya sokoni Magwagwa ilinipa kule kusimama, na ndiko kulikonipa kazi.

Kama kuna mwenye historia ya farasi Marani, Masimba au kwingineko milimani, aweke hapa tusome. Wabishi pia mnakaribishwa, diploma yangu imeshazoea.

Ila ukiandika hapo chini, anza na salamu.