Namba ya Simu ya Mkurugenzi

Mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, na yeye, masikini wa Mungu, alidhani wanamheshimu. Shamba lenyewe lilikuwa zizi la ng'ombe kumi na wanane na chumba kimoja cha kuhifadhia maziwa. Lakini mwenyewe alikwisha kuchonga muhuri na kununua kiti cha kuzunguka, na kazi yake kubwa ilikuwa kukizungusha. Kukamua? Thubutu! Waliokamua ni mkewe, Mama Maziwa, pamoja na wifi yake, yaani dada wa huyo huyo Mkurugenzi.

Mama Maziwa aliolewa akiwa na vidole vyepesi vya kusuka nywele. Miaka ishirini na moja, kila alfajiri na kila alasiri, vidole hivyo vilibana chuchu za ng'ombe. Sasa vilikuwa vimekufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, na kufunga vifungo vya gauni ilibidi amwite wifi. Daktari hakumficha: "Mama, ukamue mwaka mmoja zaidi, mkono wa kulia hautashika hata kijiko." Alipompelekea mumewe habari hiyo, yule bwana alikizungusha kiti, akasema, "Utazoea."

Sasa, siku Mkurugenzi aliporudi kutoka maonyesho ya kilimo akihubiri roboti ya kukamulia, wifi alicheka hadi akakaa chini.

"Kaka, hata ndoo hujui inashikwa wapi, leo roboti?"

"Nyinyi wanawake mnaogopa maendeleo," alijibu. Neno hilo alilitia kila mahali, kama chumvi.

Mama Maziwa hakucheka. Alikuwa amemdharau mumewe miaka mingi, tena kwa haki kabisa, lakini mashine inayokamua yenyewe! Kwa mara ya kwanza aliomba upuuzi wa mumewe uwe kweli.

Mtaalamu wa mashine hizo akaja, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira. Hakukaa kwenye kiti alichosogezewa. Alikwenda moja kwa moja zizini, akachungulia kiwele kimoja baada ya kingine, kisha akauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa katika nyumba ile.

"Lengo la shamba hili ni nini? Maziwa zaidi, au kuwapumzisha watu? Maana roboti moja hutosha ng'ombe kama sitini, nanyi mna kumi na wanane."

"Lengo letu ni maendeleo," alisema Mkurugenzi.

Mtaalamu alisubiri labda kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Kama ni kupumzisha mikono, itapumzika," akaendelea, akimtazama Mama Maziwa. "Lakini roboti haimwondoi mtu. Inamtoa kwenye ndoo, inampeleka kwenye simu. Ng'ombe akigoma kuingia, akiipiga teke mashine, akiugua, simu inalia na mtu anakwenda, saa yoyote. Tujaribu wiki moja. Nitawafunga ng'ombe vifaa shingoni, vitapiga simu kama roboti itakavyopiga. Niandike namba ya nani?"

Mkurugenzi hata hakupepesa macho. Akaanza kutaja namba ya mkewe.

"Ishia hapo hapo," alisema Mama Maziwa. "Andika yake. Shamba lina mkurugenzi mmoja tu."

Mbele ya mgeni atasemaje? Akaitaja yake, huku wifi akikohoa kikohozi cha uongo.

Jamani, ile wiki! Siku ya kwanza simu ililia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, anawaeleza watu kilimo cha kisasa. Ng'ombe mmoja hajala. Akampigia mkewe aende kuangalia. "Iliyolia ni simu yako," alijibiwa. Alirudi mbio na kichwa chake cha nusu. Siku ya pili ililia mara nne. Siku ya tatu alikanyaga mavi kwa viatu vya ngozi, akamtukana ng'ombe matusi ambayo ng'ombe hakuyajali. Siku ya nne aliizima simu. Mwanamume mzima, kashindwa na kengele!

Siku ya tano, saa za kukamua alasiri, aliwaita wanawake wawili zizini, akasimama kama anayehutubia taifa.

"Nimefanya utafiti wa kina. Roboti haiendani na malengo ya shamba."

Mama Maziwa aliona giza. Hakujua kwamba alikuwa ameitumainia mashine ile kiasi hicho.

"Na mikono yangu?" aliuliza.

"Mikono yako imeshazoea."

Hakupiga kelele. Alijaribu kuvua aproni, vidole vikashindwa kufungua fundo, wifi akamfungulia. Aliitupia aproni kwenye kifua cha mumewe, akamsogezea ndoo kwa mguu.

"Mashine umeikataa wewe. Mikono yangu nimeikataza mimi. Wenye njaa ya kukamuliwa ni kumi na wanane, na watakaokamua ni wewe na dada yako. Tisa tisa."

"Mke wangu, usilete mchezo!"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kaka," alisema wifi, akamwekea kigoda kando ya ng'ombe waliyemwita Shari. "Anza na huyu. Anapenda wakubwa."

Mama Maziwa aliketi nje ya mlango wa zizi. Ng'ombe walilia, viwele vimejaa, na kila mlio ulimchoma, kwa maana wale alikuwa amewalea. Akaibana mikono kwapani isije ikainuka yenyewe. Ndani ndoo ilipinduka, mtu akaguta.

"Mama Maziwa!" ilikuja sauti, nyembamba, haina ukurugenzi hata chembe. "Haitoki! Na vidole vinauma!"

"Utazoea," alisema.