Kahawa Isiyoonjwa

Kwetu Bariadi, anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, uone hakina sumu, ndipo akukabidhi. Wiki yangu ya kwanza kiwandani Ujerumani, msimamizi aliniletea kahawa, akaiweka mezani, akaondoka zake. Hakuonja! Niliitazama mpaka ikapoa, nikaimwaga kwenye sinki. Hata salamu yake ilikuwa neno moja tu. Mtu wa namna hiyo nitamwaminije?

Kisha mama akanitumia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Nikayapeleka kazini, na ili wenzangu wasinitilie shaka, nikang'ata kidogo kila kipande kabla ya kumpa mtu. Wote walishukuru. Jioni nikavikuta vipande vyote kwenye pipa la taka. Nilichukia, na tangu siku hiyo nikaacha kuonja.

Miaka mitatu baadaye nilirudi nyumbani likizo. Mama akanimiminia maziwa mgando, akapiga funda moja, akanipa. Nikajikuta nazungusha kikombe, natafuta upande ambao mdomo wake haukugusa.

Aliniona.

"Mwanangu," akauliza, "huko wamekuambia nini juu yangu?"